Uzi maalumu: Fort Jesus ni ngome ya watu wa Mvita, tuisimulie kutoka upande wetu

MwanaNdiaKuu
Assalaam aleikum wadau, na habari za saa hizi kwa wote.

Uzi huu nimeufungua kwa sababu ya jambo ambalo limenikaa moyoni muda mrefu. Mgeni akishuka pale mbele ya Foti huambiwa kwamba Wareno ndio waliojenga, akapandishwa ukutani, akapigwa picha kando ya mizinga, kisha huyo karudishwa hotelini. Yeye mgeni, simlaumu. Lakini hata vijana wetu wa Mji wa Kale, waliozaliwa wakiiona ngome kila siku ya Mungu na kuogelea chini ya kuta zake, ukiwauliza habari yake watakutajia Vasco da Gama. Vasco da Gama alitia nanga Mombasa Aprili 1498, akaona mambo si shwari, akaenda zake Malindi. Hakuweka jiwe hata moja. Ngome ilianzwa miaka 95 baada ya hapo.

Tupige hesabu basi. Wareno waliishika kuanzia 1593 hadi 1698, na katikati mna miezi kadhaa ambayo walikuwa wametolewa. Wakarudi 1728, wakafukuzwa tena 1729. Kwisha. Toka 1698 hadi 1895, karibu miaka mia mbili ukiondoa huo muda mfupi, ngome ilikuwa mikononi mwa Waomani, halafu ukoo wa Mazrui, halafu Mabusaidi, ukoo wa masultani wa Zanzibar. Mwingereza akaja kuifanya jela mpaka 1958. Sasa vipi jengo liitwe la Mreno, likishaitwa hivyo mazungumzo yamekwisha?

Nitaandika vipande vipande. Wenye kujua zaidi waongeze, hasa wazee wetu.

MwanaNdiaKuu
Naanza na kujengwa, ila sitakaa sana hapo maana ndiyo sehemu inayosemwa kila siku.

Kabla ya ngome, Wareno walikuwa wameshaichoma Mombasa zaidi ya mara moja. Francisco de Almeida alifanya hivyo 1505, Nuno da Cunha akarudia 1528, na 1589 walikuja tena kumsaka Mturuki Amir Ali Bey, wakati huohuo Wazimba, wapiganaji waliotoka kusini, wakiwa wamefika ng'ambo ya pili ya maji. Kila ukichomwa, mji ulijengwa upya na ukaendelea kukataa amri. Ndipo Mreno akaamua kuja kukaa. Akamchukua Sheikh wa Malindi, ambaye ukoo wake ulikuwa na urafiki naye tangu siku za da Gama, akampa kiti cha Mombasa, na juu ya mwamba wa matumbawe unaotazama mlango wa bandari akaanza kujenga. Msingi uliwekwa tarehe 11 Aprili 1593. Aliyechora ramani ni Giovanni Battista Cairati, Mtaliano wa Milan, kwa amri ya Mfalme Philip wa Pili wa Hispania, ambaye siku hizo aliitawala Ureno pia. Ukiitazama kutoka juu utaona umbo la mtu aliyelala chali, kichwa kikielekea baharini. Wasanifu wa Italia wa zama zile walishika sana vipimo vya mwili wa binadamu.

Jambo ambalo watembezaji hawalitilii mkazo ni hili: kati ya buruji zake nne, yaani zile ngome za pembeni zinazotokeza nje ya ukuta, mbili zilizo kubwa, São Filipe na São Alberto, zimeelekea nchi kavu. Mreno alimwogopa adui wa baharini, lakini alijua vilevile ni watu gani aliowajengea mlangoni pao.

BintiKibokoni
Kaka, ahsante kwa uzi. Hebu tuambie habari za Yusuf bin Hasan. Sisi shuleni tulipewa sentensi moja tu, "aliasi 1631", tukapita. Mimi nikipita pale huwa namfikiria yeye kuliko hao wote.

MwanaNdiaKuu
Dada, hapo umegusa penyewe.

Ule ukoo wa Malindi ulioletwa na Wareno haukuona raha Mombasa. Sultan Hasan bin Ahmad aligombana na kapiteni wa ngome, akakimbilia bara upande wa Rabai, na 1614 akauawa hukohuko kwa njama za Wareno. Kichwa chake kikapelekwa Goa, makao makuu ya Wareno huko India. Mwanawe Yusuf alikuwa bado mtoto. Naye wakamchukua hadi Goa, akalelewa na watawa wa Augustino, akabatizwa na kupewa jina la Dom Jerónimo Chingulia. Mwaka 1626 wakamrudisha aje kuwa mfalme wa Mombasa na Malindi chini yao.

Hebu mtazameni mtu huyu siku anayoshuka pwani. Mji unamwona Mreno, na Wareno hawamwoni mwenzao. Kapiteni Pedro Leitão de Gamboa hakumpa heshima ya mfalme. Inasimuliwa kwamba Yusuf alikuwa akienda usiku kwenye kaburi la babake na kumwombea kwa taratibu za Kiislamu, akaonekana, na habari ikamfikia kapiteni, ambaye alipanga kumpeleka Goa akahukumiwe. Tarehe 16 Agosti 1631 Yusuf aliingia ngomeni na watu wake, akamchoma kisu kapiteni kwa mkono wake mwenyewe.

Kuta zile zilijengwa kustahimili mizinga ya majeshi makubwa. Zilipotekwa mara ya kwanza, zilitekwa na mtu aliyepita mlangoni kwa miguu kwa kuwa walinzi walimjua.

Januari 1632 msafara kutoka Goa ukaja kuirudisha ngome, ukapigana, ukashindwa. Mei mwaka huohuo Yusuf mwenyewe akaihama. Aliharibu kile alichoweza, akapakia mizinga, akaondoka kwa merikebu aliyoiteka, na tangu hapo akawa anawaandama Wareno baharini hadi Bahari ya Shamu. Waliporudi waliikuta ngome tupu. Yale maandishi ya Kireno yaliyo juu ya lango ni ya 1635, ya kapiteni Francisco de Seixas de Cabreira, aliyeikarabati baada ya hayo yote. Humo anajisifia miji ya pwani aliyoiadhibu. Kila anayeingia anapita chini ya majisifu hayo, na jina la Yusuf halijaandikwa popote langoni.

Kaskazi72
Uzi mzuri, lakini tuseme kweli yote. Siku zile za Agosti Yusuf hakuua askari peke yao. Waliuawa raia wa Kireno wa mji huu, wake na watoto wao, na Waafrika wenzetu waliokuwa wamebatizwa wakakataa kuacha dini yao. Kanisa Katoliki linawakumbuka kama mashahidi wa Mombasa. Mimi ni Mkristo wa hapahapa, babu zangu ni watu wa Rabai. Nikisikia Yusuf akisifiwa tu bila hilo kutajwa, sifurahi.

MwanaNdiaKuu
Ndugu yangu Kaskazi, ni kweli, na lazima isemwe. Waliokufa waliishi mitaa hiihii, na baadhi yao walikuwa damu ya pwani. Sitaki tufanye kosa la kumtoa mtu mmoja kwenye kiti cha utukufu tukamkalisha mwingine. Ninachotaka ni mtoto wa Mombasa aijue hadithi nzima: baba kuuawa, mtoto kuchukuliwa, kurudishwa kama kibaraka, na damu iliyomwagika baadaye. Ukimpa tarehe na neno "aliasi" hujampa chochote.

BintiKibokoni
Mmesema vyema nyote wawili. Endelea kaka, tuko na wewe.

MwanaNdiaKuu
Sasa ule mzingiro. Kwangu mimi hiki ndicho kisa kikubwa kuliko vyote vya ngome ile.

Tarehe 13 Machi 1696 majeshi ya Imamu wa Oman, Saif bin Sultan, yaliuzingira mji. Wareno ndani walikuwa wachache mno, makumi tu. Walioijaza ngome ni watu wa pwani waliokimbilia humo, waume, wake na watoto kwa mamia. Mzingiro ukaendelea siku baada ya siku, hadi miezi 33.

Chakula kilipenya mara moja moja kutoka baharini, kupitia ule ujia wa matao uliochongwa kwenye mwamba, ambao hadi leo unaweza kushuka nao. Mwisho wa 1696 msaada ulifika kutoka Goa, lakini maradhi yaliingia ngomeni yakafyeka waliokuwamo na waliokuja. Kufikia mwisho wa Agosti 1697 afisa wa mwisho wa Kireno alikuwa amekufa. Nani akaishika ngome? Bwana Daud wa Faza, mwana wa ukoo wa watawala wa mji huo wa Faza ulio kisiwa cha Pate, pamoja na jamaa zake wachache, wanaume Waafrika wasiofika kumi, na wanawake Waafrika kadiri ya 50. Hao wanawake walishika silaha, wakakesha juu ya kuta. Kwa wiki kadhaa, ngome inayoitwa ya Wareno haikuwa na amiri wa Kireno hata mmoja, na wala haikuanguka.

Msifahamu vibaya, Daud alipigana upande wa Wareno. Siasa za pwani siku zile hazikuwa sisi na wao. Mji wa Pate ulikuwa na uadui wake na Faza, Mombasa na Malindi hivyohivyo, na kila mji ulitafuta mgeni wa kumtumia dhidi ya jirani. Lakini wanawake wale 50 sijaona sanamu yao, wala mtaa wenye jina lao, wala bango. Hata majina hatukuachiwa.

Septemba 1697 ikaja merikebu ya vita Santo António de Tanna pamoja na nyingine. Oktoba ikazama palepale mbele ya ngome. Miaka 280 baadaye, mwaka 1977, wapiga mbizi wa akiolojia walianza kuichimbua chini ya maji, na vitu vilivyotoka humo viko ndani ya makumbusho. Watu wengi huvipita haraka. Simameni hapo.

Mwisho ulikuwa 13 Desemba 1698. Waomani walipanda ukuta. Ndani walikuta kapiteni, watu tisa na padri mmoja. Siku chache baadaye merikebu za msaada zikatokea kutoka Goa, zikaona bendera nyekundu juu ya ngome, zikageuza.

FundiChokaa
Sheikh wangu, mimi ni fundi, kazi yangu ni nyumba za kale. Nataka kuongeza la ufundi. Ngome ile ni matumbawe na chokaa, na sehemu kubwa ya msingi ni mwamba wenyewe uliochongwa. Ukuta wa namna hiyo unapumua, unapitisha unyevu. Ukiupaka saruji umeua, chumvi inafungiwa ndani na jiwe linaanza kumomonyoka kama unga. Ndiyo maana matengenezo yake lazima yafanywe kwa chokaa iliyoivishwa vizuri. Upande wa bahari shida ilikuwa mawimbi kula mwamba chini, mpaka ukajengwa ule ukuta wa kukinga maji miaka ya karibuni. Watu wengine walilalamika kwamba umebadilisha sura ya ufuko. Mimi nasema bora sura ibadilike kuliko buruji kuanguka.

MwanaNdiaKuu
Ahsante fundi, maneno ya mwenye kazi hayo.

Naendelea. Mwaka 1728 Wareno walirudi kwa msaada wa Pate, wakati ngome ilikuwa na magomvi ya ndani. Hawakudumu. Watu wa mji wenyewe waliinuka dhidi yao, na Novemba 1729 wakasalimu amri. Hili nalo liandikwe kwa herufi kubwa: kilichomtoa Mreno Mombasa moja kwa moja ni mji.

Kisha wakaja Mazrui, kwanza kama maliwali wa Oman. Ukoo wa Busaidi ulipotwaa utawala Oman katika miaka ya 1740, Muhammad bin Uthman Mazrui alikataa kuwatambua. Akatumiwa wauaji, akauawa humohumo ngomeni, na nduguye Ali bin Uthman akafungwa. Ali alitoroka, akajikusanyia watu wa Taifa Tisa na Taifa Tatu, yaani koo za wenyeji wa Mombasa, akarudi akaitwaa ngome. Kwa muda wa karibu karne nzima baada ya hapo Mombasa ilikuwa dola yenyewe, na ngome ndiyo ilikuwa makao ya mtawala. Zile nyumba mnazoziona ndani, zenye baraza na mbao zilizochongwa, ni za enzi za Waarabu, si za Mreno. Palikuwa na watu wakiishi, wakipika, wakizaa, wakisuluhisha kesi.

Mwaka 1824 Mazrui, kwa kumwogopa Seyyid Said, mtawala wa Oman wa ukoo wa Busaidi, walimwomba Kapiteni Owen wa Uingereza awatundikie bendera yake. Akakubali, akamwacha afisa kijana, Luteni Reitz, ambaye alikufa kwa homa kabla mwaka haujaisha. Wakazi wa Port Reitz sasa mnajua jina la mtaa wenu limetoka wapi. London ilikataa mpango huo, bendera ikashushwa 1826. Mwaka 1837 Seyyid Said akaupata mji, akawakamata wakubwa wa Mazrui kwa hila, akawapeleka uhamishoni Bandar Abbas.

Kaskazi72
Na ile ya 1875? Ya Al-Akida?

MwanaNdiaKuu
Umenikumbusha. Muhammad bin Abdallah, aliyekuwa amiri wa ngome, aliasi dhidi ya Sultan Barghash wa Zanzibar. Januari 1875 manowari mbili za Kiingereza, Nassau na Rifleman, ziliipiga ngome mizinga mpaka akasalimu amri. Mwingereza kumsaidia Sultan namna hiyo hakukuwa bure, kama tulivyoona miaka 20 baadaye.

MzeeWaMajengo
Wanangu, nimesoma yote. Mimi niseme ninayoyajua kwa macho.

Nilikuwa mtoto ngome ikiwa jela. Tulikuwa tukitumwa sokoni tunapita upande wa pili wa njia, maana wazazi walitukataza kusimama langoni. Wafungwa walitolewa asubuhi kufanya kazi na askari nyuma yao. Kulikuwa na mama zetu waliokuwa wakikaa kivulini wakingoja tu kumwona mtu wao akipita, wasiruhusiwe kusema naye. Kwa hiyo nyinyi mnapoandika historia msiandike za masultani na makapiteni peke yao. Kuanzia 1895 hadi 1958 ni miaka 63. Waliolala ndani ya kuta zile miaka hiyo ni watu wa kawaida, wengi wao masikini.

Na jambo jingine. Juu ya jela hiyo ya Mwingereza ilipepea bendera nyekundu ya Sultan wa Zanzibar, kwa sababu ukanda wetu ulikuwa wake kwa mkataba na Mwingereza alikuwa mpangaji. Bendera ile ilibaki mpaka uhuru, Desemba 1963. Sisi tuliokuwako tunakumbuka mabishano ya Mwambao, kama pwani ijitenge au iingie Kenya, yalivyokuwa makali, ndugu hawasemezani. Watoto wa leo wanapita hapo hawajui.

BintiKibokoni
Shikamoo mzee. Allah akupe umri. Hayo ya mama zetu kungoja kivulini sijayasoma popote.

MwanaNdiaKuu
Shikamoo babu. Ahsante sana. Umenipa kipande ambacho vitabu havinacho.

Naomba nimalizie na kugeuzwa makumbusho. Jela ilifungwa 1958, na ngome ikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Fedha za kazi zilitolewa na wakfu wa Gulbenkian wa Ureno, na mwanaakiolojia James Kirkman akaanza kuchimba na kuondoa majengo ya jela yaliyokuwa yameziba kila kitu. Makumbusho yakafunguliwa 1960. Mwaka 2011 UNESCO wakaiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia.

Tafakarini hilo la fedha. Ilikuwa kawaida kwamba mchimbaji aliyelipwa na Ureno atafute kwanza Ureno. Kirkman alifanya kazi kubwa, na hakuificha historia ya Waomani, mimi namheshimu. Lakini sura ambayo wageni waliizoea tangu hapo ni ya Wareno, na sisi wenyewe tukaikubali bila kuuliza. Uamuzi wa namna ya kuionyesha sasa ni wetu, na bado tunasimulia kwa mpangilio uleule.

Kaskazi72
Basi toa ushauri wa vitendo. Jumamosi nawapeleka wanangu wawili na mpwa wangu. Nianze wapi?

MwanaNdiaKuu
Nje kabla hujakata tiketi, waonyeshe mizinga miwili ya karne ya 20: mmoja ni wa manowari ya Kiingereza Pegasus, iliyozamishwa Zanzibar Septemba 1914, na mwingine ni wa Königsberg ya Kijerumani, iliyoizamisha na yenyewe ikaja kumalizwa delta ya Rufiji 1915. Maadui hao wako pamoja mlangoni kwetu.

Langoni, wasomee habari za Yusuf kabla ya zile za maandishi ya juu. Ukiingia, usikimbilie ukumbi wa vyombo. Nenda kwanza kwenye nyumba ya Waarabu juu ya buruji, wakae barazani, wapate upepo wa bahari, uwaeleze kwamba hapa palikuwa nyumbani kwa watu. Kisha uwapeleke kwenye michoro ya wanamaji wa Kireno, waliyoichora ukutani kwa makaa na udongo mwekundu: merikebu, samaki, makanisa, watu. Watoto huipenda sana. Halafu ujia wa matao, na hapo ndipo pa kuwasimulia Bwana Daud na wale wanawake. Vitu vya Santo António mwisho, kwa sababu watakuwa wameshajua ni merikebu gani na ilikuja kufanya nini.

Na mtembezaji wa humo mpeni kazi. Mwulizeni Mazrui, mwulizeni wafungwa. Wengi wao wanayajua haya vizuri sana kuliko mimi, ila hakuna anayewauliza.

FundiChokaa
Mimi nitaongeza moja kwa hao watoto: wawekeni mkono juu ya jiwe, waone zile alama za matumbawe, maua ya bahari ndani ya ukuta. Wasichonge majina yao tu.

MzeeWaMajengo
Kaskazi, ukiwa unaenda Jumamosi nipe ujumbe humu. Nikiwa na nguvu nitakuja nikae nao kidogo pale nje, niwaonyeshe upande gani wafungwa walikuwa wakitokea.

Kaskazi72
Babu, hiyo ni zawadi. Nitakuja na tuktuk kukuchukua mwenyewe Majengo, saa tatu asubuhi kabla jua halijakaza.